Mwendo wa Bure na Gharama Zake

Njia ya mashindano ya baiskeli za mteremko ya Fort William, Uskoti, huanzia ubavuni mwa mlima Aonach Mòr na kuishia bondeni, kilomita 2.8 mbele na mita 555 chini. Mwendeshaji na baiskeli yake, pamoja na kofia, kinga za magoti na matope ya siku hiyo, huwa na uzito wa kilo 100 hivi. Fizikia ya kidato cha pili inatosha kuonyesha kwamba kushuka huko kunaachilia nishati ya kilojuli 540 na ushei. Kama yote ingegeuka kuwa mwendo, mtu angefika chini akienda zaidi ya kilomita 370 kwa saa, jambo ambalo wadhamini wake wangelifurahia kuliko mama yake. Hali halisi ni kwamba hufika akienda kilomita 50 au 60 kwa saa, na wastani wake kwa njia nzima hauzidi 40. Nishati anayovuka nayo mstari wa mwisho ni kama asilimia 2 ya ile aliyopewa na mlima.

Asilimia 98 iliyobaki huishia njiani. Upepo huchukua fungu lake, matairi yanayobonyea juu ya mawe huchukua lao, mafuta yanayosukumwa ndani ya shokapu huchukua lao, na sehemu kubwa hutoka kwenye breki ikiwa joto. Ukiikusanya yote, ingechemsha lita moja na nusu ya maji ya chai, kipimo kinachopunguza kidogo utukufu wa mchezo huu kama unavyochorwa kwenye mabango. Hata hivyo nishati hiyo hutolewa ndani ya dakika nne na nusu tu, yaani kwa wastani wa wati 2,000. Mwanabaiskeli hodari wa barabarani akijikamua kwa muda huohuo hutoa labda robo yake. Hakuna misuli ya binadamu inayoweza kushindana na mlima kwa kazi hii, na waendeshaji wa mteremko hawajaribu.

Ndiyo maana swali la nani ana nguvu zaidi lina uzito mdogo kuliko mtazamaji anavyodhani. Mwendo hutolewa bure kwa kila aliyefika juu. Wanaloshindania ni namna ya kuitupa ziada: waitupe wapi, kwa kiasi gani, na bila kutupa hata chembe ambayo ingekuwa na kazi mita 100 mbele.

Jambo hili lilijitokeza tangu siku ya kwanza. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Kaunti ya Marin, California, walikusanyika juu ya barabara ya zimamoto karibu na mji wa Fairfax wakashuka mmoja baada ya mwingine huku wakipimwa muda. Waandalizi walikuwa Charlie Kelly na Fred Wolf. Baiskeli zao zilikuwa mikweche ya miaka ya 1930 na 1940 yenye matairi manene, nyingi zikiwa na breki moja tu, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ambayo hufanya kazi ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Mteremko ulikuwa wa kilomita tatu na ushei, na ulipoisha habu ilikuwa ikifuka moshi. Grisi yote ilikuwa imeungua, ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa upya kabla ya kushuka tena. Mashindano hayo yalipata jina la Repack kutokana na kazi hiyo ya fundi. Rekodi ya njia ile ilibaki kuwa ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22, akifuatiwa na Joe Breeze kwa sekunde 2. Wote wawili walikuja kuwa watengenezaji wa baiskeli, hivi kwamba mtu anaweza kusema biashara nzima ya baiskeli za milimani ilianzishwa na watu waliochoka kupaka grisi.

Utaratibu wa mbio haujabadilika sana tangu hapo. Mashindano ya kwanza rasmi ya dunia chini ya shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990. Mteremko ulikwenda kwa Greg Herbold wa Marekani na Cindy Devine wa Kanada. Mbio za Kombe la Dunia za mteremko zilifuata mwaka 1993. Waendeshaji bado huondoka mmoja mmoja, saa inahesabu hadi elfu ya sekunde, na kanuni zinataka mbio ziwe za kati ya dakika mbili na tano. Hakuna kupitana wala kusukumana. Mpinzani ni jina na namba kwenye ubao.

Breki za leo ni diski za chuma zenye kipenyo cha milimita 200 au zaidi, zinazobanwa na pedi kwa shinikizo la mafuta. Kila breki hutawaliwa kwa kidole kimoja, kwa kuwa vingine vina kazi ya kuuzuia usukani usiponyoke. Udhaifu wake ni ule wa breki yoyote, yaani joto lazima liende mahali fulani. Likizidi, mafuta huchemka na kutoa mapovu, na kwa kuwa mapovu hubonyea wakati mafuta hayabonyei, mkono wa breki huvutwa mpaka ukagusa usukani na baiskeli isisikie chochote. Kuna namna mbili za kupunguza mwendo kwa kiasi kilekile. Ya kwanza ni kuishika breki kidogokidogo muda wote, kama wafanyavyo watu wenye akili timamu wanaposhuka mlima. Ya pili ni kuiachia kabisa, kisha kuibana kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha kuiachia tena. Ya kwanza huonekana salama, lakini haiipi diski nafasi ya kupoa, inachosha mikono, na inapunguza mwendo hata mahali ambapo hakukuwa na sababu ya kuupunguza. Katika saa ya mashindano, mahali hapo ndipo muda unapovuja.

Sababu nyingine ni ya tairi. Tairi lina akiba moja tu ya mshiko juu ya ardhi, na akiba hiyo hutumika kwa kazi mbili: kupunguza mwendo na kubadilisha mwelekeo. Kilichotumika kwa kazi moja hakipo kwa nyingine. Anayeingia kwenye kona huku breki zimebanwa amekwisha kutumia sehemu ya mshiko aliouhitaji kwa kupinda, na ardhi yenye udongo mlegevu au mizizi iliyolowa haimkopeshi. Hesabu nayo ni kali, kwa kuwa mwendo ukiongezeka maradufu, mshiko unaotakiwa kwenye kona ileile huwa mara nne. Kwa hiyo kazi yote ya breki hufanywa kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, kisha vidole huachia na matairi hubaki na jukumu moja.

Faida ya kufanya hivyo haionekani ndani ya kona. Inaonekana baada yake. Tuseme watu wawili wanatoka kwenye kona moja, mmoja kwa mita 9 kwa sekunde na mwingine kwa mita 8, na mbele yao kuna mita 50 zisizo na mteremko wa maana. Wa kwanza atazimaliza kama sekunde 0.7 kabla ya mwenzake, hata kama aliingia kwenye kona hiyo akiwa amechelewa kidogo. Ili kupata picha ya ukubwa wa deni hilo, mwaka 2009 huko Canberra, Steve Peat wa Uingereza aliutwaa ubingwa wa dunia mbele ya Greg Minnaar wa Afrika Kusini kwa sekunde 0.05, baada ya kumaliza wa pili mara nne katika miaka iliyotangulia. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, hiyo ni nusu mita. Kutoka vibaya kwenye kona moja kungetosha kuutoa ubingwa ule mara kumi na nne.

Uzito nao huingia katika hesabu hii, ingawa si kwa namna inayodhaniwa. Mtu mzito huvutwa zaidi na mlima na upepo humzuia kidogo kwa kulinganisha, kwa hiyo hupata faida kwenye sehemu zilizonyooka. Lakini anapofika kwenye kona ana nishati nyingi zaidi ya kutupa kwa diski zilezile. Mlima unachotoa kwa mkono mmoja hukidai kwa mwingine.

Baiskeli yenyewe ina uzito wa kilo 16 hivi, na magurudumu yake yanaweza kupanda na kushuka kwa takriban milimita 200 mbele na nyuma. Wengi hudhani springi zote hizo zipo kwa ajili ya starehe. Zipo kwa ajili ya mguso. Gurudumu lililo hewani haliwezi kupunguza mwendo wala kupinda, na kwenye mteremko wenye mawe gurudumu lisilo na springi huwa hewani muda mwingi kuliko linavyokuwa chini. Springi huiruhusu baiskeli ivuke jiwe bila kurushwa, na shokapu, ambayo husukuma mafuta kupitia matundu madogo, huigeuza nguvu ya springi kuwa joto ili isirudi yote na kumtupa mwendeshaji. Hata mtu akiwa ameketi tu, springi hurekebishwa ishuke robo hivi ya safari yake, ili gurudumu liwe na nafasi ya kushuka pia linapokutana na shimo. Timu kubwa hufunga vihisi wakati wa mazoezi na kusoma michoro ya kila mtikisiko. Mwendeshaji naye huulizwa maoni yake, kwa heshima.

Ukubwa wa magurudumu ulifuata mantiki hiyohiyo. Gurudumu kubwa haliingii sana katika pengo kati ya mawe mawili, hivyo halipotezi mwendo mwingi kila linapogonga. Kwa miaka mingi mchezo uliamini kwamba magurudumu ya inchi 29 ni ya watu wa kukanyaga nyikani, si ya mteremko, mpaka Minnaar aliposhinda Fort William nayo mwaka 2017. Mwaka 2019 UCI ikaruhusu saizi mbili tofauti kwenye baiskeli moja, kubwa mbele na ndogo nyuma, na waendeshaji wengi wakagundua kwamba hicho ndicho walichokuwa wakikitaka siku zote.

Kuhusu miguu, ushahidi wa kukumbukwa zaidi ulitolewa na Aaron Gwin wa Marekani huko Leogang, Austria, mwaka 2015. Cheni yake ilikatika alipokuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye lango la kuanzia. Aliendelea bila cheni hadi chini na akashinda mbio za Kombe la Dunia, matokeo ambayo viwanda vya cheni havikuyatumia kwenye matangazo. Maelezo yake si muujiza. Njia ya Leogang ina mawimbi na miruko mingi, na mtu anayejua kuibonyeza baiskeli kwa miguu kwenye kila mteremko mdogo huongeza mwendo bila kukanyaga pedali. Aidha, asiye na cheni hana cha kufanya ila kuuhifadhi mwendo alionao, kwa hiyo hushika breki kwa uchoyo. Kuna pia sababu ya kifundi: gurudumu la nyuma linapopanda, cheni huvutika na kuzirudisha pedali nyuma kidogo, na mvutano huo huizuia springi kufanya kazi kwa uhuru. Baadaye viliuzwa vifaa vinavyoruhusu meno ya mbele kuzunguka nyuzi chache ili kuupunguza mvutano huo. Hata hivyo, asichukue mtu somo hili mbali mno. Kwenye njia nyingi, mikanyago kumi ya kwanza ina thamani ya muda ambao haurudi.

Yote hayo ni ya vyuma. Nusu ya pili ya kazi iko kichwani. Mtu anayekwenda mita 10 kwa sekunde, akiona kikwazo, huchukua karibu robo ya sekunde kabla kidole hakijasogea, na wakati huo ameshakula mita mbili na nusu. Kupunguza mwendo hadi kusimama kwenye udongo wa kawaida kungehitaji mita 10 nyingine. Ndani ya msitu, mahali pengi pa njia hapaonekani umbali huo. Anayesubiri kuliona jiwe ndipo aamue, uamuzi wake humkuta amekwisha lala chini. Ndiyo maana mashindano huanza kwa kutembea. Kabla ya mazoezi waendeshaji huipanda na kuishuka njia kwa miguu, wakiinama juu ya mizizi na kubishana kuhusu upande wa kupita, kisha hupewa nafasi chache za kushuka kwa baiskeli. Makocha husimama pembeni na kamera na saa, wakilinganisha muda wa mistari miwili tofauti kwenye vichaka vilevile. Nicolas Vouilloz wa Ufaransa, aliyetwaa mataji kumi ya dunia kati ya 1992 na 2002, matatu ya vijana na saba ya wakubwa, alisifika zaidi kwa utaratibu wa maandalizi kuliko kwa vituko. Picha zake hazikuwa za kutisha, na labda hilo ndilo lililowatisha wenzake.

Tatizo ni kwamba kinachokaririwa hakitulii. Watu wakishika breki mahali pamoja, matairi yao huchimba mfululizo wa mashimo madogo, na mashimo hayo hutokea hasa pale ambapo breki ingefaa kushikwa. Kufikia siku ya fainali, sehemu bora ya kupunguza mwendo imekuwa mbaya kuliko zote, gurudumu linadundadunda na mshiko umepungua. Mwendeshaji ana hiari ya kushika breki mapema zaidi, kuhamia pembeni, au kuvumilia. Pembeni kuna mpaka, kwa kuwa njia imezungushiwa utepe, na anayetoka nje ya utepe lazima arudie palepale alipotokea, la sivyo anaondolewa. Kwa hiyo ramani ya kichwani husahihishwa kila siku, na sehemu ya mwisho ya masahihisho hufanywa wakati mbio zenyewe zinaendelea.

Mvua huyaharibu masahihisho yote kwa pamoja. Katika fainali, aliyekuwa wa polepole zaidi kwenye mchujo huanza kwanza na mwenye kasi zaidi huanza mwisho. Mpangilio huu hujenga msisimko kwa watazamaji, na aliye mbele kwa wakati huo huwekwa kwenye kiti mbele ya kamera, akingoja kuondolewa hadharani. Lakini pia unawaweka walio bora wote katika nusu saa moja ya hali ya hewa. Mwaka 2017 huko Lourdes, Ufaransa, Alexandre Fayolle alishuka mapema njia ikiwa bado kavu, kisha mvua ikawakuta wakubwa waliobaki. Fayolle aliketi kwenye kile kiti mpaka mwisho na kupata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia. Hakuna aliyedai kwamba alikuwa mwendeshaji bora duniani siku ile, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya ushindi.

Upande wa pili wa mvua ulionekana Champéry, Uswisi, katika Mashindano ya Dunia ya 2011. Njia ile ni ya wima isiyo na huruma, na siku ile ilikuwa uji. Danny Hart wa Uingereza, akiwa na miaka 19, alishinda kwa sekunde 11.699, pengo ambalo katika mchezo huu linakaribia kuwa kosa la uchapaji. Mshiko unapopungua, tofauti kati ya anayejua kuachia breki na anayedhani anajua hupanuka. Kwenye ardhi kavu wote wawili husamehewa.

Hapo linaingia suala la hatari, ambalo huzungumzwa vibaya kuliko mengine yote. Mwaka 2008 huko Val di Sole, Italia, Sam Hill wa Australia alishuka akiwa mbele ya kila mtu kwa sekunde kadhaa kwenye vipimo vya katikati, akaanguka kwenye kona ya mwisho, akanyanyuka na bado akamaliza wa tatu. Ubingwa ukaenda kwa Gee Atherton. Desturi ni kusema kwamba Hill alipita kiasi. Lakini mwendo uliomwangusha kwenye ile kona ndio uliompa uongozi, na haiwezekani kuukubali mmoja na kuukataa mwingine baada ya matokeo kujulikana. Mashindano ya Dunia ni mshuko mmoja wenye medali moja ya dhahabu. Kwa anayeitaka hiyo tu, nafasi ya pili na ya ishirini hazitofautiani sana, kwa hiyo inafaa kuhatarisha zaidi. Kombe la Dunia ni msimu wa pointi, ambamo kuanguka mara moja hula mavuno ya miezi. Mwendeshaji yuleyule, mwenye ujasiri uleule, hulazimika kuwa watu wawili.

Rachel Atherton, dada yake Gee, alishinda mbio zote saba za Kombe la Dunia za mwaka 2016 pamoja na ubingwa wa dunia. Mfululizo wa namna hiyo haupatikani kwa kujirusha. Unapatikana kwa kwenda kwa mwendo ulio juu ya wenzako na chini ya kikomo chako, tena na tena, na kujua kikomo kiko wapi siku hiyo, kwenye udongo huo.

Wanaokosea hulipa kwa mwili. Kofia ya kufunika uso mzima ni lazima, na kuvunjika mfupa wa mtulinga huhesabiwa miongoni mwa mambo ya kawaida. Yako mazito zaidi: mtikisiko wa ubongo, na majeraha ya mgongo kama alilolipata Brook Macdonald wa New Zealand katika mazoezi ya Mont-Sainte-Anne, Kanada, mwaka 2019, kabla ya kurudi kushindana baadaye. Mwaka 2023, haki za utangazaji zilipohamia kwa kampuni nyingine, iliongezwa nusu fainali, na fainali ikapunguzwa kuwa ya wanaume 30 na wanawake 10. Hoja ilikuwa kipindi cha televisheni kilicho kifupi na cha kueleweka. Matokeo yake wakati huo yalikuwa mshuko mmoja zaidi wa mwendo kamili kwa kila wikendi, na hatari katika mchezo huu huhesabiwa kwa mishuko.

Mchezo haujawahi kuingia Olimpiki, ingawa baiskeli za nyikani ziliingia Atlanta mwaka 1996. Fedha zake kwa hiyo hutoka kwa watengenezaji wa baiskeli na vinywaji, na fedha za namna hiyo hujali sura. Mwishoni mwa muongo wa 2000, waendeshaji walipoanza kuvaa nguo za kubana mwili ili kuukwepa upepo, UCI ilizipiga marufuku. Usalama haukuguswa na marufuku hiyo. Kilicholindwa ni muonekano wa mashati mapana yanayouzwa madukani.

Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kupanda. Ustadi wa breki na kona huja kwa kurudia, na kuisukuma baiskeli ya kilo 16 mita 555 juu huchukua zaidi ya saa moja kwa ajili ya dakika nne na nusu za somo. Ndiyo maana mashindano mengi hufanyika kwenye vituo vya kuteleza thelujini, ambavyo vina magari ya kamba yasiyo na wateja wakati wa kiangazi. Mabingwa hutoka kwenye nchi zenye kamba hizo, au zenye njia ya kuwafikisha vijana kwenye kamba za jirani. Milima peke yake haitoshi. Kwenye barabara ya kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, nchini Burundi, wachukuzi hushuka na mikungu ya ndizi iliyofungwa nyuma ya baiskeli, kisha hurudi juu wakiwa wameshikilia malori. Fizikia ni ileile na mzigo ni mkubwa zaidi. Hakuna anayewapimia muda, na polisi hawaafikiani na lifti yao.

Katika Afrika, mahali ambapo tatizo hili lilipata ufumbuzi ni Pietermaritzburg, mji wa KwaZulu-Natal usio na theluji wala gari la kamba, ambako waendeshaji walipandishwa kwa magari. Ndiko alikozaliwa Minnaar, na ndiko yalikofanyika Mashindano ya Dunia ya 2013. Njia yake ilikuwa na kasoro iliyowaudhi wengi: katikati kulikuwa na kipande kirefu chenye mteremko hafifu, ambapo mlima uliacha kutoa na mtu alilazimika kukanyaga kwa nguvu zake mwenyewe, huku mikono ikiwa tayari imekakamaa. Huko uamuzi wa shinikizo la tairi ulikuwa mgumu kuliko kawaida. Waendeshaji wa mteremko hujaza upepo wa pauni 25 hivi kwa inchi ya mraba, chini ya ule wa gari dogo. Tairi laini hushika ardhi vizuri, lakini hula nguvu za miguu kwenye tambarare na huiacha rimu ikigonga mawe, na rimu ikigonga jiwe tairi hukatika. Tairi gumu hupita tambarare kwa wepesi na huteleza kwenye kona. Hakuna shinikizo lililo sahihi kwa njia nzima. Kuna kosa ambalo mtu amekubali kulibeba hadi chini. Minnaar alikosea kwa kiasi kinachokubalika. Tairi lake la nyuma liliishiwa upepo karibu na mwisho, akavuka mstari nalo likiwa hivyo, na Mick Hannah wa Australia akawa wa pili kwa chini ya nusu sekunde.